Mshale Uliopanda Ukashuka

Mjukuu wangu,

Ulipokuja Idi kutupa mkono, ulinionyesha kile kiboksi ulichokiunda mwenyewe: kihisi cha mviringo kilichofunikwa kiwavu, saketi uliyoinunua Kariakoo, waya za rangi rangi na taa tatu. Ulichovya kitambaa kwenye tina, ukakisogeza karibu, taa nyekundu ikawaka na watoto wakashangilia. Nami nilishangilia. Bibi yako ni shahidi kwamba usiku ule sikuwa na mazungumzo mengine ila wewe na kiboksi chako.

Lakini ulitamka neno moja ambalo bado linanitembea kichwani. Ulisema kuanzia sasa, ukiwa ndani ya turubai unapuliza rangi, taa ikiwa ya kijani huna haja ya barakoa. Ulilisema upesi upesi huku unakunja waya, mara chakula kikaletwa na mazungumzo yakahamia kwingine. Mimi sikuhama. Nimelibeba tangu siku ile, na kwa kuwa ninayotaka kukwambia hayatoshi kwenye simu, nimeamua kuyaandika.

Kazi ya rangi naijua. Nimepuliza rangi magari kwa miaka 11, Gerezani kisha Keko, kabla sijaingia kwenye kazi ya kupima gesi katika matenki ya mafuta, kazi niliyostaafia. Nimekaa pande zote mbili: upande wa mtu anayevuta mvuke na upande wa mtu mwenye kipimo mkononi. Ninalotaka ulishike ni kwamba kipimo hujibu swali moja tu, lile kilichoundwa kulijibu. Ukikiuliza jingine hakitakwambia kwamba hakijui. Kitanyamaza, nawe utauchukua ukimya wake kuwa ni salama.

Tuanze na pua, maana ndiyo kipimo ulichozaliwa nacho.

Asubuhi tulipofungua makopo ya tina, harufu ilitupiga mpaka machozi yakatutoka. Ikifika saa nne, mama aliyetuletea chai na chapati alikuwa akisimama mlangoni, ameziba pua kwa upindo wa kanga, anatuita tukachukue wenyewe. Tulimwona wa ajabu, kwa sababu sisi tulikuwa hatusikii kitu. Tuliamini hewa imesafika, kumbe ilikuwa mbaya kuliko tulipoanza, na kilichobadilika ni pua zetu. Pua ikikaa na harufu ileile kwa dakika chache huanza kuizoea, na ikiendelea kukaa nayo huacha kabisa kukupa habari. Yule mama, aliyetoka kwenye hewa safi ya barabarani, ndiye pekee pale gerejini aliyekuwa anaisikia hewa tuliyokuwa tukiivuta. Hatukumsikiliza hata siku moja.

Na kuna mivuke ambayo hata pua mpya haiiwezi. Benzini, iliyomo ndani ya petroli na inayoweza kuingia kwenye tina za ovyo zinazouzwa kwenye chupa za maji, husababisha saratani ya damu, na wanasayansi hawabishani tena juu ya hilo. Marekani, tangu mwaka 1987, sheria ya kazini inataka isizidi sehemu 1 ya benzini katika kila sehemu milioni za hewa, kwa wastani wa zamu ya saa 8. Watu wengi huanza kuisikia harufu yake ikiwa imeshakipita kiwango hicho mara nyingi. Kwa hiyo ukiisikia, umechelewa. Na sisi kila jioni tuliosha mikono kwa petroli ili rangi itoke, tukajifuta kwa kitambaa kilekile, tukapanda daladala kwenda kuwabeba watoto. Baba yako nilimbeba kwa mikono hiyo.

Sisemi pua haina kazi. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka, watu wakalikimbilia na madumu na ndoo, na moto ulipolipuka ukaondoka na watu zaidi ya 100. Miaka kumi nyuma yake, Januari 2009, ilikuwa Sachangwan kule Kenya. Julai 2010 ikawa Sange, Kivu Kusini, waliokufa wakapita 200. Kote huko hapakuhitajika kifaa cha kupima chochote, harufu ilikuwa imejaa hewani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, mara tatu au nne, kwa hiyo haupai ukapotelea juu. Hutambaa ardhini, hushuka mitaroni, huenda wenyewe kuutafuta moto ulipo, hata kama moto huo ni jiko la muuza mihogo hatua nyingi kutoka lorini. Pua ikishakwambia petroli imejaa, kazi yake imekwisha, ni zamu ya miguu.

Sasa nikusimulie siku ambayo sijapata kuisimulia sawasawa mbele yenu.

Ilikuwa mwaka 1994. Lori la petroli lililetwa uani kwetu, kidato cha ngazi kimekatika karibu na mdomo wa tenki, na kilitakiwa kukatwa na kuchomelewa upya. Kabla moto haujawashwa ilikuwa lazima nipime, niandike karatasi ya ruhusa, nitie saini. Kipimo cha wakati ule kilikuwa sanduku la chuma lenye mkanda wa ngozi, mpira wa kukamua kwa kiganja, bomba refu jembamba, na dirisha la kioo lenye mshale unaotembea kutoka sifuri hadi mia. Ndani yake kuna ushanga mdogo, mdogo kuliko punje ya mchele, uliozungushiwa ndani waya wa platini unaopashwa moto hadi nyuzi zipatazo 500. Mvuke unaowaka ukiugusa, huungua palepale juu ya ushanga, waya unazidi kupata joto, umeme unapita kwa tabu zaidi, na mshale unapanda. Ni kifaa cha maana sana. Kilibuniwa na Waingereza kwa ajili ya migodi ya makaa ya mawe mwishoni mwa miaka ya 1950, na hadi leo ndicho kilichomo ndani ya vipimo vingi vya gesi inayowaka.

Nilikaa juu ya tenki, karatasi juu ya goti. Msaidizi wangu, kijana wa miaka 19, alikuwa anashusha bomba mdomoni mwa tenki. Nikakamua mpira. Dereva alikuwa chini ananihimiza, ana safari ya Dodoma. Nikainama kuandika tarehe na namba ya gari. Nilipoinua macho, mshale ulikuwa kwenye sifuri, umetulia.

Yule kijana akasema, "Kaka, umepanda ule. Umepanda mpaka mwisho halafu ukashuka."

Nikamwambia ni mtikisiko wa kukamua mpira. Nikaandika sifuri, nikatia saini.

Ushanga ule huchoma mvuke, na kuchoma kunataka hewa. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya sehemu 1.4 na 7.6 hivi katika kila mia ya hewa. Ukipungua hapo hauwaki. Ukizidi pia hauwaki, kwa sababu mvuke umejaa na hewa ya kuuchoma haipo. Bomba liliposhuka, kwanza lilivuta mchanganyiko wa pale mdomoni, ukaungua, mshale ukaruka. Kisha likavuta mvuke mtupu wa ndani, ushanga ukakosa hewa, ukapoa, mshale ukarudi. Sifuri niliyoiandika ilikuwa ya tenki lililojaa mvuke pomoni. Ukweli wote ulikuwa kwenye ule mruko wa sekunde mbili, na aliyeuona ni kijana niliyemnyamazisha.

Fundi alipoelekeza tochi yake ya gesi kwenye kidato, moto ulisimama mdomoni mwa tenki kama utambi wa kibatari, mrefu kuliko mtu. Msaidizi wangu alikuwa palepale anakunja bomba. Alikinga uso kwa mkono wa kulia. Fundi aliruka chini akavunjika kifundo cha mguu. Mlinzi wa ua, mtu ambaye hakuwahi kufundishwa lolote, ndiye aliyepanda na magunia mabichi, akausukuma mfuniko kwa nondo ukajifunga, na moto ukakosa hewa ukafa. Tenki halikupasuka kwa sababu ileile iliyonidanganya: ndani mvuke ulizidi mno, haukuweza kuwaka. Lingekuwa limepigwa upepo nusu, usingenijua mimi.

Kijana alilala hospitali miezi mitatu. Mimi nilirudishiwa kipimo baada ya wiki mbili na kuambiwa kiko kizima. Kweli kilikuwa kizima.

Siku hizi vipimo vyenye namba, vile vilivyotengenezwa vizuri, vikipitilizwa hivyo hujifunga kwenye alama ya hatari na kupiga kelele mpaka uvitoe kwenye hewa safi. Vya bei rahisi havifanyi hivyo. Basi kila unapopima, jicho liwe kwenye kipimo tangu bomba halijaingia, na karatasi baadaye. Na kuna lingine juu ya ushanga huo ambalo linakuhusu wewe wa gereji moja kwa moja: huuawa kimyakimya. Zamani ulikuwa ukiuawa na risasi iliyochanganywa kwenye petroli, ambayo nchi zetu ziliachana nayo kufikia mwaka 2006. Leo muuaji ni silikoni, na silikoni imo katika dawa nyingi za kung'arisha dashibodi na matairi, zile mnazozipuliza gari likiisha ili mteja afurahi. Ikifika kwenye ushanga inaungua na kuacha ukoko kama wa sufuria. Ukoko ukishika, mvuke haufiki tena kwenye platini. Betri imejaa, kioo kinang'aa, namba inasoma sifuri, na kipimo kitasoma sifuri hata ukikitumbukiza kwenye pipa la petroli. Dawa ni moja tu: kukionjesha. Kabla ya kazi unakipa gesi unayoijua kiasi chake, ukione kinapanda. Kisichopanda hakiendi kazini. Kazini kwetu, baada ya ile siku, hata kama tumechelewa vipi, hakuna aliyepanda juu ya tenki kabla kipimo hakijaonjeshwa mbele ya watu wawili.

Nakuja sasa kwenye kosa ambalo nimeliona kwa watu wenye vyeti na kofia nyeupe, si mafundi wa mitaani. Wanachanganya kipimo cha moto na kipimo cha sumu.

Chukua toluini, iliyo kwenye tina nyingi. Ili iwake hewani inatakiwa ifike sehemu 1.1 kwa mia. Kipimo cha moto hupangwa kupiga kelele ikifika asilimia 10 ya kiwango hicho, na kwa moto hilo ni jambo jema, unapata onyo mapema. Lakini hebu lipigie hesabu. Sehemu 1.1 kwa mia ni sehemu 11,000 kwa milioni, asilimia 10 yake ni 1,100. Wataalamu wa afya ya kazini wa Marekani, ACGIH, wanashauri mtu asivute toluini zaidi ya sehemu 20 kwa milioni kwa wastani wa siku ya kazi. Taasisi yao nyingine, NIOSH, inahesabu kwamba ikifika 500 hapo ni hatari ya papo kwa papo, mtu atoke. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa ndani ya turubai, kipimo cha moto kimetulia hakijalia, naye anavuta mara mbili ya kiwango cha kukimbilia mlangoni. Kizunguzungu, ulimi mzito, mikono isiyoshika bunduki ya rangi sawasawa, kisha anadondoka. Kipimo hakijakosea hata kidogo. Kiliulizwa kama hewa italipuka, kikajibu hapana.

Kipimo cha sumu ni kingine. Kile nilichofundishwa miaka ya mwisho ya kazi kina taa ndogo inayotoa mwanga wa urujuanimno. Mwanga ule ukiipiga molekuli ya mvuke unang'oa elektroni, na elektroni zinazong'olewa zinahesabiwa kama mkondo mdogo wa umeme. Kinaweza kuona sehemu moja katika milioni, hata chini ya hapo. Mara ya kwanza nilipokishika nilikipitisha juu ya sandarusi la vitambaa vichafu vya rangi tulivyovidhani vimekauka, na namba zikapanda hadi mamia. Nilikaa kimya kidogo pale. Nilikuwa nimelala mchana juu ya vitambaa kama vile miaka 11.

Hata hicho usikiabudu. Taa yake ya kawaida ina nguvu ya elektroni-volti 10.6. Toluini, asetoni, benzini, zailini zote zinang'oleka kwa nguvu hiyo. Lakini diklorometani, ile iliyo kwenye dawa kali ya kubandua rangi ya zamani, inataka 11.3. Taa haiifikii, inapita mbele yake kana kwamba haipo. Na hiyo ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa monoksidi ya kaboni, gesi ileile ya jiko la mkaa inayoua watu waliofunga madirisha. Marekani waliondoa dawa hizo za kubandua rangi katika maduka ya watu wa kawaida mwaka 2019 baada ya watu kufa, baadhi yao wakiwa wanabandua rangi ya mabeseni ya kuogea ndani ya bafu. Ukiwa na kopo la namna hiyo, namba yako inasoma sifuri na wewe unazimika.

Tena namba yenyewe ni ya kutafsiri. Kipimo kile hupangwa kwa gesi moja, isobutilini, na mivuke mingine kinaiona kwa nguvu tofauti. Toluini kinaiona vizuri mno, kinakupa namba karibu mara mbili ya ile ya kweli. Heksani kinaiona kwa shida, ukisoma 10 ujue iliyopo ni kama 40. Na heksani si kitu cha kudharau kwenye gereji. Huko California, mwaka 1999 na 2000, waligunduliwa mafundi magari, vijana, walioanza kufa ganzi vidole vya mikono na miguu, wengine hata kutembea ni kazi. Walikuwa wakisafisha breki kwa dawa ya kopo yenye heksani, siku nzima, makopo kwa makopo. Ilikuwa imekula mishipa yao ya fahamu. Gundi nyingi za viatu na za viti vya magari zina heksani hiyohiyo. Kwa hiyo kabla hujauliza kipimo kinasoma ngapi, soma kwanza kwenye kopo kilichomo. Kopo lisilo na maandishi lisiingie kwenye gereji yako, hata kama bei ni nusu.

Nirudi kwenye kiboksi chako, maana ndicho kilichonishikisha kalamu.

Kihisi ulichonacho, wanachokiuza kwa jina la MQ, ni mtoto wa kazi ya Mjapani Naoyoshi Taguchi, aliyeomba hataza yake mwaka 1962, enzi ambayo nyumba nyingi za Japani zilikuwa zinalipuka kwa gesi ya kupikia. Ndani kuna oksidi ya bati iliyopashwa moto. Hewa ya oksijeni inajibandika juu yake na kushikilia elektroni, umeme unapita kwa shida. Ukija mvuke wa tina, unaila ile oksijeni, elektroni zinaachiwa, umeme unapita kwa urahisi, na taa yako inawaka. Ni akili kubwa kwenye kitu cha bei ya sahani ya chipsi, na mimi sitaki ukitupe.

Nataka ujue kinachokisumbua. Kinaamka kwa tina, na kinaamka vilevile kwa marashi, kwa moshi wa kitunguu kinachokaangwa, kwa pumzi ya mtu aliyekunywa pombe. Hakijui kutofautisha. Unyevu wa masika wa Dar es Salaam unakibadilisha, joto la Februari linakibadilisha. Kikiwa kipya kinatakiwa kuwashwa mfululizo saa 24 au 48 kabla hakijatulia, na wewe ulikiwasha mbele yetu kikiwa na dakika tano. Taa yako ya kijani uliipanga wapi? Uliniambia uliipanga pale kilipokuwa kinasoma "kawaida" gerejini kwako. Mjukuu wangu, kawaida ya gereji yako ndiyo ile ninayoiogopa. Umekifundisha kipimo kuzoea, kama pua zetu zilivyozoea.

Na kitu kingine nilikiona lakini sikutaka kukuvunja moyo mbele ya watoto. Umekiunganisha na relei ili kiwashe feni. Relei ile ikigonga inatoa cheche. Feni yenyewe ni ya mezani, mota yake haikutengenezwa kukaa kwenye mvuke. Kiwavu cha kihisi kimewekwa ili moto wa ndani usitoke nje, lakini waya zako, relei yako na chaja ya simu uliyoitumia havina kiwavu. Siku mvuke ukijaa kweli, taa nyekundu itawaka, relei itagonga, na kifaa ulichokijenga kikuonye ndicho kitakachowasha. Toa relei leo. Feni ya kutoa hewa ikae nje ya turubai, iwe ya aina iliyotengenezwa kwa sehemu za mivuke inayowaka, iwashwe kabla hujafungua kopo, ivute kutokea chini ambako mvuke unatua. Turubai najua mnalifunga ili vumbi lisitue kwenye rangi mbichi, nasi tulifanya hivyo. Lakini hewa inayotoka lazima iwe na pa kuingilia upande wa pili, ipite kwenye kitambaa cha kuchuja vumbi.

Barakoa hutavua kwa taa ya kijani, wala kwa namba yoyote ya kipimo kilichotengenezwa nyumbani. Na isiwe ile ya kitambaa wala ya hospitali. Hizo mvuke unapita kama maji kwenye chekeche. Iwe ya mpira yenye vichujio vya mkaa, na kwa vile vya kiwango cha Ulaya utafute mstari wa kahawia na herufi A. Mkaa ule unajaa, na ukijaa hauna alama. Wengi husema wanabadilisha wakianza kusikia harufu, na wewe sasa unaijua pua. Andika tarehe juu ya kichujio, na ukimaliza kazi kitie kwenye mfuko usiopitisha hewa, maana ukikiacha mezani kinaendelea kunywa tina ya gerejini usiku kucha.

Hadina, ile dawa ya kugandisha rangi za kuchanganya mbili, ndiyo inayonitisha kuliko yote, ingawa sina mengi ya kuisema. Ina isosianati. Hiyo haina harufu ya kukuonya kwa wakati, ule ushanga hauioni, kiboksi chako hakiioni. Uingereza, wapuliza rangi za magari ni miongoni mwa wanaougua zaidi pumu ya kazini kwa ajili yake, na mtu akishaipata, tone dogo tu linamkaba tena. Hapo hata barakoa ya mkaa haitoshi. Inatakiwa ile inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje. Kama huna, kazi ya hadina usiichukue. Mteja atakwenda kwingine, na mapafu yako yatabaki kwako. Nitakusaidia kununua hiyo barakoa, nimeshamwambia baba yako.

Unaweza kuuliza kiboksi kina faida gani basi. Kina moja nzuri. Kiweke chumba cha pili, kule mnakolia chakula na mnakolaza makopo usiku, mahali ambapo hapatakiwi kuwa na mvuke kabisa, nawe ukipange kwa hewa ya nje ya asubuhi, si ya gerejini. Mfuniko ukilegea usiku, kikuambie asubuhi kabla hujawasha jiko la chai. Hapo kinaulizwa swali ambalo kinaliweza: je, kuna kitu kimebadilika? Kwa turubai, mwite mtu mwenye kipimo cha kweli mara moja apime ukiwa kazini, kwenye usawa wa pua yako na ndani ya lile shimo la kukagulia magari, ujue unavuta kiasi gani. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi ndio wanaosimamia sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2003, na upimaji ni kazi yao. Usingoje wakufuate.

Jumamosi njoo nyumbani na hicho kiboksi. Kiwashe Alhamisi asubuhi na usikizime. Nimeazima kipimo cha mwanga kwa rafiki yangu wa kazi ya zamani, na chupa ndogo ya gesi ya kukionjesha, tuviweke viwili pamoja mezani uwanjani uone kipi kinasema nini juu ya tina yako, gundi yako na dawa yako ya breki. Lete makopo yote matatu, yafungwe vizuri, yasikae na abiria ndani ya gari.

Yule msaidizi wangu naye atakuwepo. Siku hizi ana wajukuu, anakaa Mbagala, na nimemwomba akae karibu na kipimo kwa sababu macho yake bado ni mazuri kuliko yangu. Mwamkie kwa heshima. Akikupa mkono wa kushoto usidhani ni dharau, wa kulia haukunjuki.

Babu yako